Miksa ya harusi, kompyuta ya sebuleni: shajara ya mradi wa matangazo

Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kurekodi sauti nyumbani na hajui aanzie wapi. Mimi nilianza nikiwa najua kuwasha na kuzima tu. Kazi niliyoitaka ni ndogo: matangazo ya wafanyabiashara, yale yanayozunguka kutwa kwenye spika ya sokoni, "viatu elfu tano, njoo uchague mwenyewe". Niko Magomeni, Mtwara. Nitaongeza sehemu kila hatua ikiisha, na bei zote ni nilizolipa mimi, kwa shilingi.

Jumamosi, 6 Julai 2024: Miksa imefika

Miksa, ile mashine ya kukuza na kuchanganya sauti, nimeichukua Mikindani kwa kijana aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi, sasa kahamia kwenye bodaboda. Ina njia sita, haina USB wala Bluetooth, na pembe moja imechubuka. Alianza na 120,000, tukamalizana kwa 90,000. Maiki ya kushika mkononi pamoja na waya wake wa pini tatu, 30,000. Kompyuta ninayo tayari, ya mezani, ya siku nyingi. Kwa nyuma ina matundu matatu ya sauti: la waridi, la kijani na la bluu.

Nilipoiwasha, vinobu vilikwaruza kila nikivizungusha, khrr, khrr. Alikuwa akikaa karibu kabisa na bahari, na chumvi haina rafiki. Nimeliacha hilo kwanza, taa inawaka.

Jumatano, 10 Julai: Nimechomeka pasipo

Dukani nilisema nataka waya wa kutoa sauti kwenye miksa kwenda kwenye kompyuta. Nikapewa waya wenye kichwa cha pini tatu upande mmoja, na upande wa pili pini ndogo ya milimita 3.5, ile ya hedifoni. 8,000. Ushikeni akilini huu waya, tutakutana nao tena.

Kichwa cha pini tatu nikakiweka kwenye MAIN OUT ya kushoto, tundu kuu la miksa la kutolea sauti. Pini ndogo nikaipeleka kwenye tundu la waridi, kwa sababu lina picha ya maiki, na mimi natumia maiki. Nikasema "moja mbili, moja mbili". Kilichorudi ni sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna kokoto.

Siku nne zimepita hapo. Nimebadilisha maiki kwa kuazima ya msikitini, nikaona tatizo ni lile lile. Nimeshusha kila kitu kwenye miksa mpaka karibu na sifuri. Kupasuka kukapungua, ukaja mchakacho mzito nyuma ya sauti, kama mvua juu ya makuti. Kuna saa nilitaka kuirudisha Mikindani.

Sababu yenyewe ni hii. Maiki hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Tundu la waridi limetengenezwa likijua hivyo, kwa hiyo likipokea chochote linakikuza sana. Lakini miksa imekwisha kuikuza sauti. Kiwango cha vyombo vya kitaalamu, kile kinachoandikwa +4 dBu, ni kama volti 1.23. Ukilipa tundu la waridi volti nzima badala ya milivolti, linafurika. Na ukiibana miksa ili lisifurike, unakuza makelele ya miksa badala ya sauti yako.

Tundu la kazi hii ni la bluu. Hilo linapokea sauti iliyokwisha kukuzwa, kutoka redio, deki au miksa. La kijani ni la kutolea sauti kwenda kwenye spika.

Nikahamia bluu: kimya kabisa. Hapo tena nusu saa. Kumbe Windows ilikuwa imelizima lile tundu na kulificha. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya spika pale chini pembeni, ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta ukurasa wa vifaa vya kurekodia, kisha bonyeza tena kulia kwenye nafasi tupu na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Line In, ndilo tundu la bluu, ikajitokeza, imefifia. Nikaiwasha, nikaifanya ndiyo chaguo la kwanza. Sauti ikaingia, safi, bila kokoto.

Anayetumia kompyuta mpakato yenye tundu moja tu la pembeni atambue kwamba tundu la bluu hana. Lile moja ni la hedifoni zenye maiki, na maiki yake ina tabia za waridi. Bora atafute miksa yenye USB au kile kiboksi kidogo cha kuingizia sauti kwa USB.

Jumapili, 14 Julai: Tangazo la kwanza

Programu ya kurekodia ni Audacity, ya bure. Mteja ni mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba sokoni, ameniahidi 5,000. Maneno tumeyaandika pamoja kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Muziki wa nyuma ni ngoma niliyoigonga mwenyewe kwenye simu, kwa sababu sitaki kutumia wimbo wa mtu.

Nimerudia mara kumi na moja. Mara tatu ni ulimi wangu, mara mbili bajaji, zilizobaki zote ni jogoo wa jirani, ambaye anawika saa yoyote anayojisikia.

Kwenye hedifoni (15,000) sauti yangu ilikuja pana ajabu, imekaa masikioni pande zote mbili, katikati hakuna kitu. Nikaona hii ndiyo stereo yenyewe, mambo ya studio. Nikaweka kwenye flashi, nikapeleka, nikalipwa, nikanunua pweza.

Jumanne, 16 Julai: "Umeniuzia muziki"

Mama wa viatu amekuja hadi mlangoni, flashi mkononi. Hakutaka kukaa.

"Mwanangu, umeniuzia muziki."

"Shikamoo mama. Muziki vipi?"

"Marahaba. Ngoma inalia tangu asubuhi. Watoto wamecheza mpaka wamechoka. Viatu bei gani, hakuna aliyesikia. Wewe mwenyewe humo ndani haumo."

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta, nikamvika hedifoni. Akasikiliza, akanitazama, akasikiliza tena. "Mbona humu upo?"

Tukaenda sokoni pamoja. Spika yake ni ile ya mdomo wa tarumbeta, ina tundu la flashi kwa nyuma. Nikaiwasha. Ngoma ikapiga, vizuri kabisa. Sehemu niliposema "karibuni wateja" palikuwa na ngoma tu. Ukiweka sikio kwenye mdomo wa spika ulisikia kitu kwa mbali, kama mtu anayenong'ona chini ya maji. Nikarudisha elfu tano yangu pale pale, mbele ya wauza nyanya. Pweza nilikuwa nimeshamla.

Usiku nimejaribu kila nilichokidhania. Nimepandisha sauti yangu mara mbili: kwenye hedifoni inapiga kelele, kwenye simu bila hedifoni haipo. Nimebadilisha flashi. Nimehifadhi faili kwa aina nyingine. Kila chenye spika moja kinanimeza, kila chenye masikio mawili kinanitoa.

Jumamosi, 20 Julai: Fundi redio

Kuna mzee anatengeneza redio Chikongola, meza yake imejaa matumbo ya redio za zamani. Nilibeba miksa yote kwa bajaji. Hakuitazama hata kidogo. Alisema, "Lete waya."

Akachukua mita yake, akagusa pini ya pili ya kichwa kikubwa na ncha ya pini ndogo: mlio, yaani zimeunganika. Akagusa pini ya tatu na ile pete ya katikati ya pini ndogo: mlio. Pini ya kwanza na shina: mlio. Akaweka mita chini.

"Mjukuu wangu, huu waya si mbovu. Umeupa kazi isiyo yake."

Nitaeleza kama nilivyoelewa. MAIN OUT yenye pini tatu haitoi kushoto na kulia. Inatoa sauti moja mara mbili: pini ya pili inabeba sauti kama ilivyo, pini ya tatu inabeba sauti ile ile ikiwa imepinduliwa, pale inapopanda hii inashuka. Wamefanya hivyo kwa waya mrefu. Njiani waya unaokota makelele ya umeme, na makelele yanaingia sawasawa kwenye pini zote mbili. Chombo kinachopokea, kama kimetengenezwa kwa ajili hiyo, kinatoa moja kwenye nyingine. Makelele yanafutana, sauti inabaki. Ni ufundi mzuri sana ukiwa ukumbini na waya wa mita 30.

Tundu la bluu halijui habari hizo. Linajua ncha ni kushoto na pete ni kulia. Kwa hiyo sikio langu la kushoto lilikuwa linapata sauti yangu, na la kulia linapata sauti yangu iliyopinduliwa. Kwenye hedifoni kila sikio linasikia la kwake, ndiyo ule upana niliojivunia. Spika ya tarumbeta ni moja, inajumlisha kushoto na kulia. "Watu wawili wanausukuma mlango mmoja, huyu kwa ndani, huyu kwa nje, nguvu sawa," mzee alisema. "Mlango utaenda wapi?" Ngoma ilipona kwa sababu haikupita kwenye waya, ilitoka kwenye simu ikiwa sawa pande zote.

Nyumbani nilifungua faili na kuvuta picha ya mawimbi mpaka ikawa kubwa. Ilikuwa wazi muda wote ule. Mstari wa juu unapopanda kilima, wa chini unashuka kilima hicho hicho, kama minazi ya Mikindani na kivuli chake majini maji yakiwa yametulia. Nilikuwa nayatazama mawimbi hayo siku tatu bila kuyaona.

Marekebisho ni mawili.

La kurekodi upya: miksa nyingi ndogo zina matundu mawili ya duara, jekundu na jeupe, yameandikwa REC OUT au TAPE OUT. Hayo ndiyo kushoto na kulia ya kweli, na nguvu yake ni ya vyombo vya nyumbani, inalitosha tundu la bluu bila kulizidi. Waya wa kutoka hapo kwenda pini ndogo, ule ule wa deki na redio, ni 3,500. Uko kila kona. Mzee alikataa hela, akasema nimletee korosho msimu ukifika.

La kuokoa ulichokwisha kurekodi: usifute. Kwenye Audacity bonyeza jina la rekodi, chagua kuigawa stereo (kushoto na kulia pamoja) iwe mono mbili (kila upande peke yake), futa mojawapo. Aliyebaki hana wa kushindana naye. Tangazo la mama wa viatu nililiokoa kwa njia hiyo kwa dakika mbili, nikalipeleka. Alisimama mbele ya spika mikono kiunoni mpaka bei ilipotajwa, ndipo akafungua kitambaa cha hela.

Tangu siku hiyo kila tangazo nalisikiliza kwenye spika ya simu, bila hedifoni, kabla ya kulitoa. Na nalihifadhi MP3, kwa kuwa spika ya mama wa viatu iligoma kusoma faili za WAV.

Jumapili, 28 Julai: Mvumo

Sauti ipo, lakini chini yake kuna "mmmmm" isiyoisha. Ni mvumo wa umeme wetu, hezi 50, pamoja na ndugu zake wa hezi 100 na kuendelea.

Kwanza nilijaribu kuuondoa kwa ile huduma ya Audacity ya kupunguza makelele. Ulipungua, na mimi nikawa kama naongea kutoka ndani ya ndoo. Kelele ya umeme iondoe kwenye nyaya kwanza, programu iwe ya mwisho.

Jaribio la maana lilikuwa rahisi: nilichomoa waya mwekundu na mweupe kwenye miksa, nikaacha upande wa kompyuta umechomekwa. Mvumo ukakata. Nikarudisha, ukarudi, hata maiki ikiwa imezimwa. Maana yake ulikuwa unazaliwa pale miksa na kompyuta zinapokutana. Miksa nilikuwa nimeichomeka soketi ya chumbani kwa ekstensheni, kompyuta soketi ya sebuleni. Zote mbili zina waya wa ardhi. Zikiunganishwa tena kwa waya wa sauti, mnapata duara: ardhi ya chumbani, miksa, waya wa sauti, kompyuta, ardhi ya sebuleni. Duara hilo linaokota mvumo na kuuzungusha ndani ya sauti.

Kijana mmoja alinishauri nikate pini ya ardhi ya miksa. Ni kweli mvumo ungeondoka. Lakini pini hiyo ndiyo inayokulinda siku umeme utakapovujia kwenye bati la miksa, na mimi maiki yangu ni ya chuma na naishika karibu na mdomo. Sikukata, na wewe usikate.

Nilinunua ekstensheni moja nzuri (12,000), nikachomeka vyote viwili humo. Mvumo ukashuka sana, haukuisha. Kilichoumaliza ni kiboksi kidogo chenye vitransfoma viwili ndani, kinakaa katikati ya waya wa sauti. Sauti inavuka kwa sumaku, nyaya zenyewe hazigusani, duara limekatika. Hapa sikukipata. Kimetoka Kariakoo kwa basi: 18,000, na 5,000 ya mzigo. Tangu nikiweke ninachosikia ni feni ya kompyuta, ambayo nimeishusha chini ya meza nyuma ya godoro.

Alhamisi, 1 Agosti: Mwangwi

Fupi, kwa sababu kosa ni la kijinga. Nilitaka kusikia muziki kwenye miksa wakati narekodi, nikatoa waya kutoka tundu la kijani kurudi kwenye njia ya tano ya miksa. Na kwenye Audacity nilikuwa nimewasha ile ya kusikia kinachorekodiwa. Sauti ikaingia kompyuta, ikarudi miksa, ikaingia tena kompyuta. Neno "karibu" likawa karibu-karibu-karibu, kisha mluzi ulionifanya nivue hedifoni kwa nguvu mpaka zikapasuka kipande.

Hedifoni sasa ziko kwenye tundu la kijani moja kwa moja, miksa inapeleka tu, hairudishiwi kitu. Kile kitufe cha volti 48 kwenye miksa, cha kupeleka umeme kwenye maiki, nimekifunika kwa plasta. Maiki ya aina yangu haiuhitaji umeme huo, na mwanangu anapenda vitufe vyenye taa.

Jumapili, 4 Agosti: Chumvi, kusi na jogoo

Vinobu. Nilishauriwa mafuta ya taa, nikashauriwa petroli, nikashauriwa ile ya kulegezea nati. Mzee wa Chikongola alisema nitafute spirei ya kusafishia viungio vya umeme, isiyoacha mafuta. 10,000. Miksa ichomolewe, iachwe kwanza. Nilivua vinobu vyote kwa kucha, nikapuliza kidogo kwenye shina la kila kimoja, nikazungusha mwanzo hadi mwisho kama mara thelathini. Kinobu cha njia ya pili kilitoa uchafu wa kijani kwenye pamba. Njia moja bado inakwaruza, siitumii. Baada ya hapo niliacha usiku kucha bila kuwasha.

Viwango: naongea kwa sauti ya tangazo halisi, si ya kujaribu, napandisha geni (kinobu cha kukuza sauti ya maiki) mpaka mstari wa kipimo cha sauti cha Audacity uruke kwenye -12, mara moja moja -6. Sifuri usiiguse. Nilikuwa naona aibu mstari ukiwa mdogo, kumbe nafasi hiyo ndiyo inayokuokoa unapofika kwenye "njooooo".

Chumba: bati juu, kusi linavuma mchana kutwa, na dirisha halifungi sawasawa. Nimening'iniza vitenge viwili na blanketi kwenye kamba, najifungia humo kama mgonjwa wa kujifukiza. Narekodi saa kumi na moja alfajiri, upepo umelala. Tatizo la saa hiyo mnalijua, ana manyoya.

Umeme ulikatika katikati ya kazi mara moja. Nilipofungua Audacity tena iliniuliza kama nataka kurudisha kilichokuwa hakijahifadhiwa. Kilirudi karibu chote.

Jumamosi, 10 Agosti: Hesabu, na simu kutoka Ngongo

Miksa 90,000. Maiki na waya wake 30,000. Waya wa kwanza 8,000, huo upo msumarini, hauna kazi. Waya wa pili 3,500. Hedifoni 15,000. Ekstensheni 12,000. Kiboksi cha kukata mvumo na nauli yake 23,000. Spirei 10,000. Jumla 191,500. Kilichoingia mpaka leo: matangazo manne, 20,000. Pweza sikumweka kwenye hesabu.

Tangazo la nne ni la mjomba. Anatengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na wiki hii alikwenda kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Nililirekodi alfajiri ya Jumatatu, nikalijaribu kwenye simu, nikampa flashi akapanda gari.

Alhamisi mchana akanipigia. Hakusalimia, alielekeza simu kwenye spika. Nikajisikia mwenyewe kutoka zaidi ya kilomita 100, kupitia spika moja ya tarumbeta na simu ya spika moja, kila neno limo: mashine haiwaki, inavuja, inakohoa, lete tuione.

"Unajisikia?" mjomba akauliza.

"Najisikia, mjomba. Watu wanakuja?"

"Wanakuja. Wawili wamelipa. Ila kuna mmama hapa amesimama muda mrefu, anauliza jogoo anauzwa bei gani."